Fundi Asikate Gauni Langu Bado

Mlolongo,
S.L.P. 68,
Athi River.
19 Oktoba 2003

Mpendwa mdogo wangu Ngina,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi la saruji. U mzima huko Mombasa? Joto linakutendeaje? Na Kitheka, bwana harusi wetu, kile kikohozi kilimwacha? Mimi ni mzima. Mgongo tu ndio unalia, lakini ukibeba zege tangu saa moja asubuhi utautarajia ufanye nini?

Kabla sijasahau: mwambie fundi wako asikate kitambaa cha gauni langu. Vile vipimo nilivyokutumia Juni vilikuwa vya uongo. Nilikuandikia kiuno cha Wanza niliyetaka kuwa ifikapo Desemba, si cha huyu anayekuandikia.

Nilitaka kusimama nyuma yako kanisani bila mtu kunicheka. Unakumbuka harusi ya Mumbua, zipu yangu ilipopasuka na shangazi Syombua akasema, "Huyu amekula hata mbuzi wa mahari!" Basi nikaanza kuacha chakula. Hapa kwenye mjengo, Syokimau, saa saba wenzangu wakipakua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mimi nilikuwa naenda nyuma ya tangi la maji na Biblia. Nikawaambia nafunga na kuomba.

Uongo ule ulinizidi nguvu. Habari ilifika kanisani, na akina mama wakanichagua niongoze mfungo wa siku tatu wa kuombea mvua, ati hakuna anayejua kufunga kama Wanza. Nikakubali!

Wiki hiyohiyo nilizirai nikiwa na karai la zege kichwani. Rashid, mwashi wetu, Mwislamu wa pwani, alinimwagia maji usoni akaniuliza, "Dada, sisi Ramadhani tunafunga, lakini magharibi ikifika tunakula. Wewe, magharibi yako ni lini?"

Kalunde, ninayebeba naye zege, ndiye pekee aliyejua habari za gauni. Akadakia, "Yake ni Desemba!" Watu wakacheka, nami nikacheka nikiwa chini pale pale. Kisha nikalia.

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa. Nikasema, "Mnisamehe. Sikuwa nafunga kwa ajili ya Mungu. Nilikuwa nafunga kwa ajili ya gauni."

Halafu Mama Ndunda, mwenyekiti wetu, yule mwembamba kama ufagio, akainuka. "Na mimi huvaa sketi tatu moja juu ya nyingine," akasema, "watu wasije wakanisingizia ule ugonjwa wa kukondesha." Akapandisha ya juu kidogo tukaona ya pili. Ngina, tulicheka tukashikana. Mapambio tuliyoimba siku hiyo sijawahi kuyasikia yakiimbwa vile.

Tangu hapo nimeutazama mwili huu vizuri. Umepanda ghorofa nne na zege. Umezaa watatu, na kabla ya hao ulikubeba wewe mgongoni mama alipotutoka. Mungu ameupa kazi hizo zote, na mimi nilikuwa naunyima sahani ya muthokoi! Sasa nakaa na wenzangu, naomba, nakula nashiba, nafunika sufuria, narudi kazini. Siogopi.

Mfungo wa mvua niliuongoza vilevile, safari hii wa kweli. Kila jioni tulifungua kwa uji, na nilikunywa vikombe viwili mbele ya kila mtu. Mvua bado, ila mawingu yameanza kutanda.

Ndani ya bahasha utaona uzi wa katani. Kalunde alinipima nao baada ya chakula cha mchana, nikiwa sijavuta tumbo ndani. Kutoka ncha hadi fundo, hicho ndicho kiuno changu. Mpe fundi. Na aongeze nafasi ya kucheza, maana siku hiyo nitacheza.

Nisalimie Kitheka, na jirani yako Carol, na mama mkwe wako. Mungu aliyekuumba akufurahie siku ya harusi yako kama anavyokufurahia leo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa ukubwa wangu wote,

Wanza