Sera Anauliziwa Dundori

Aunty Sera, hamjambo huko Webuye?

Nimekuja Dundori na watafiti wa taasisi ya sera ya chuo kikuu. Baridi ya huku ni ya sweta mbili. Mathe mmoja mkulima alitupa chai na viazi moto, akasikiliza maswali yetu, halafu akauliza, "Na huyu Sera mnataja kila saa, amewahi kufika hapa?"

Profesa akamweleza kwamba sera ni mpango wa serikali.

"Hata kama ni mpango, aje ajionee vile broka wa viazi anashonea gunia langu kilemba juu ili viingie vingi zaidi, halafu analiita gunia moja."

Profesa akafunga karatasi zake, akaomba aonyeshwe hilo gunia.

Kama huyo Sera atafika, bado najiuliza. Lakini nimemwahidi mathe Sera ninayemjua, kwa hivyo Aunty, tafuta sweta.

Nekesa wako