Habari za Meneja, na Nililomwambia Baba

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo? Kile kikohozi kimekuachia? Na yule msimamizi wenu mwenye kelele amepoa, au bado anawakoromea kama redio mbovu? Sisi huku tunaamka na tunalala, tunashukuru. Baba anakula vizuri na miguu bado inamkubali, ila kumbukumbu ndiyo inazidi kumtoroka. Juzi aliniita kwa jina la marehemu mama, mara mbili, nami nikaitika.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako ikiita tu, Baba huyo ubavuni kwangu, anataka niweke sauti ya juu akusikie. Na nililo nalo halisemeki mbele yake. Kaa chini kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Wiki iliyopita uliniomba nimwekee mbwa wako Meneja simu sikioni umwite, nikakwambia yuko nje anazurura. Nilikudanganya, mdogo wangu. Meneja amekufa. Leo ni siku ya kumi na mbili.

Joto la mwaka huu sijapata kuliona maishani. Bati linalia mchana kutwa, na cherehani nikiishika chuma chake naruka. Nisikufiche kitu: mbwa wako hatukumtupa juani. Matembezi yake tuliyahamishia alfajiri, na kabla ya kutoka nilikuwa naweka mgongo wa mkono barabarani. Ikiniunguza, tunarudi ndani. Bakuli za maji zilikuwa mbili, zote kivulini. Sakafu ya jikoni niliilowesha kila adhuhuri, naye anajitandaza pale kama mkeka, tumbo chini, miguu huku na huku. Baba anavuta kiti, anampepea kwa gazeti la zamani na kumsomea habari za mpira wa miaka hiyo. Yaani nilijua yote ya kufanya. Hilo ndilo linaloniuma.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Dawa za presha za Baba zilikuwa zimekwisha. Kumwacha peke yake nyumbani siwezi tena, tangu alipowasha jiko akaenda kuoga. Na Meneja unamjua, Baba hasogei hatua moja bila yeye. Tukaingia garini wote watatu. Nikaegesha chini ya ukuta wa duka la dawa, penye kivuli chembamba, nikashusha vioo vyote vinne. Nikamwambia Baba, "Kaa na Meneja, nakuja sasa hivi. Usishuke."

"Nishuke niende wapi?" akanijibu, mkono uko kichwani kwa mbwa.

Ndani nikakuta foleni. Nilikuwa nimebakiza watu wawili mbele yangu, nikamwona Baba anaingia, anatabasamu, amenyoosha mkono. "Umesahau ufunguo wako," akasema. "Gari haliachwi hivyo, mwanangu."

Nikamwambia, "Ahsante, Baba." Mdogo wangu, nilimwambia ahsante! Nikamtafutia kiti karibu na feni, nikamwomba dada wa dukani glasi ya maji, nikamfuta jasho usoni. Akili yangu yote ilikuwa kwamba Baba hakupotea njiani. Wala sikujiuliza alivyoliacha gari mtu aliyeendesha basi miaka thelathini na moja, ambaye hajawahi kushuka bila kupandisha vioo na kufunga milango.

Dawa zikaja pungufu, mfamasia akaingia stoo kutafuta. Dakika zikapita, labda ishirini, labda zaidi. Ndipo Baba akatazama miguuni pake, kushoto, kulia, akauliza, "Mbwa yuko wapi?"

Nilikimbia nikaacha kiatu kimoja mlangoni. Kivuli kilikuwa kimeshaondoka. Vioo vimefungwa vyote, vimejaa ukungu na mate, na kiti cha dereva kimekwaruzwa mpaka sponji limetoka. Meneja alikuwa amelala chini, kichwa mahali pa kuwekea miguu, ulimi una rangi ya zambarau. Bado alikuwa anahema, haraka haraka na kwa juu juu, kama mashine inayokaribia kuzimika.

Nilimbeba mwenyewe, mzigo ule wote, hadi kwa daktari wa mifugo, nyumba ya nne kutoka pale. Baba alikuwa nyuma yangu amekamata kiatu changu. Daktari ni mama wa makamo, hana maneno mengi. Alimlaza kwenye vigae, akammwagia maji ya kawaida tumboni, makwapani na kwenye nyayo, akamwelekezea feni. Nikataka kukimbilia barafu, akanizuia. Alisema baridi kali ya ghafla ingebana mishipa na joto likabaki ndani. Nikamuuliza imekuwaje kwa muda mfupi vile. Akasema mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema tu, na gari lililofungwa juani hujaa joto ndani ya dakika chache. "Akihema, anavuta joto lile lile," akasema.

Alijitahidi mpaka saa tisa alasiri. Meneja alifungua macho mara moja. Baba alikuwa amepiga magoti kwenye yale maji, suruali imelowa, anamwambia, "Inuka mzee, twende nyumbani." Hakuinuka.

Tulimzika nyuma ya nyumba, upande wa jikoni. Shangazi alikuja kusaidia kuchimba, yeye anayesema mbwa si mtu, na ndiye aliyelia kutushinda sote.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Kesho yake asubuhi Baba aliamka, akajaza bakuli maji, akaita. Akaniuliza mbwa yuko wapi. Nikamweleza amekufa kwa joto. Akalia kama mtu anayeambiwa kwa mara ya kwanza, maana kwake ndiyo ilikuwa ya kwanza. Siku ya pili yake tena. Siku ya tatu nikasema amelala, nikaenda chooni nikajifungia.

Alhamisi iliyopita alikumbuka. Sijui nini kilimfungukia. Alikuja chumbani kwangu nikiwa nashona sare, akasimama mbele ya cherehani. "Mbwa alikufa garini," akasema. "Vioo vilikuwa vimefungwa." Nikaitikia kwa kichwa. Akasogea karibu, akauliza, "Nani alivifunga?"

Mdogo wangu, nilimtazama uso wake. Miaka themanini na mbili. Nikamwambia, "Mimi, Baba."

Alinikaripia kama enzi zile. Miaka yote amenifundisha nini? Kiumbe kisichoweza kufungua mlango naachaje ndani? Niliinamisha kichwa. Hakula chakula changu mchana ule. Jioni alikuwa ameshasahau ugomvi, akaniomba chai, lakini jibu lile limemkaa. Mengine yote yanampotea, hilo halimpotei. Hata mgeni akija anaambiwa.

Wala usidhani ni uongo mtupu. Ufunguo niliupokea mkononi mwangu. Siku hizi sipiti penye magari yaliyoegeshwa bila kuchungulia ndani, watu wananiona mwizi.

Nisamehe kwa mbwa wako. Ulinikabidhi alipokuwa anaenea ndani ya kofia, amuondolee Baba upweke, na kazi hiyo aliifanya bila kukosa siku hata moja.

Shangazi anakusalimu sana, anasema ule vizuri na uache kulala kifua wazi. Binti yangu anakusalimu, ameanza kukuzidi urefu. Baba anakusalimu kila saa. Mungu akulinde katika kazi yako, akurudishe umkute Baba angali hai.

Nina ombi moja tu. Utakapopiga simu, Baba atakuambia kwamba dada yako ndiye aliyemfungia Meneja garini. Tafadhali usinitetee. Nigombeze kidogo, kwa sauti, akusikie.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukukumbuka sana.