Nyumba ya Lorna na Kodi za Ng'ambo

Jumapili, 7 Aprili 2024

Binti yangu Maren na mumewe Curtis wamevuka daraja la mto wa mpakani kutoka Portland, Oregon, hadi kwangu huku jimbo la Washington, wamekuja kula samaki. Habari kubwa – wanataka kununua nyumba ya jirani yangu Lorna! Nitakuwa namsikia mjukuu akilia bila kufungua dirisha. Nilijikaza nisionyeshe furaha, nikaongeza viazi.

Curtis akajigamba, "Mzee, huku Washington hawakati kodi kwenye mshahara. Tukihamia tu, tumepona!"

Hapo ualimu ukanipanda. Nikapanga vitu mezani: chumvi ni Washington, siagi ni Oregon, kisu ndio mto. Oregon haiulizi umelala wapi, nikasema, inauliza kazi umeifanyia wapi. Maren ni nesi wa Portland, kwa hiyo Oregon itamkata hata akihamia mwezini. Curtis anafanyia kazi nyumbani. Siku akiwa upande huu, pesa ya siku hiyo Oregon haiigusi. Nafuu ipo, ila ni ya mmoja tu. Na hiyo ndiyo itakayobeba mkopo wa nyumba, ambao ni mzito kuliko kodi ya pango wanayolipa sasa.

"Kwa hiyo inalipa, Baba?"

"Inalipa."

Curtis akaomba arudishiwe siagi.

Jumanne, 9 Aprili

Lorna ameanza kufunga mizigo. Friji anawaachia, bado mpya, aliinunulia Portland ambako dukani hawatozi kodi ya mauzo. Nikamkumbusha kwamba kisheria, kitu ukikileta kutumia huku, kodi yake unadaiwa huku.

"Mwalimu, umestaafu shule ukawa polisi wa mafriji?"

Nilicheka. Lakini sheria ndiyo hiyo.

Ijumaa, 12 Aprili

Curtis amepiga simu. Bosi wake amebadili utaratibu – kuanzia Juni wote warudi ofisini Portland, kila siku ya kazi. Anafanya mzaha, eti itabidi anunue suruali. Hajaona kitu. Mimi nimeona kabla hajakata simu.

Mishahara yote miwili sasa ni ya kazi ya Oregon. Ile nafuu imekwisha! Mkopo umebaki na uzito wake. Na huku hata sabuni ya kufulia ina kodi dukani.

Wanatia saini Jumatatu. Hakuna aliyeniuliza. Nikinyamaza, wanahamia mlango wa pili. Nikisema, nitaendelea kuwaona Jumapili, daraja likiwa halina foleni.

Nimefyeka majani ambayo hayakuhitaji kufyekwa.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimesema. Nimempigia Maren asubuhi, nikamweleza polepole, hatua kwa hatua, kama alivyozoea tangu utoto. Hesabu haina kosa. Mzazi hamwachi mtoto atie saini gizani, basi.

Akasema, "Kwa hiyo hatuna sababu ya kuhama."

"Kwa upande wa kodi, hamna."

"Sikuulizi kodi. Mkopo tunaweza kuubeba, tutabana matumizi. Wewe unataka tuje?"

Nikaanza kumweleza kodi ya majengo, jinsi wilaya yetu inavyothamini nyumba zenye –

"Baba!"

Nikamwambia asubiri, kahawa inafurika.

Jiko sijaliwasha. Simu iko hapa mezani, pembeni ya mkono wangu, na ninamsikia akimwambia Curtis, "Hapana, usikate. Anatafuta namna ya kulieleza."

Sitafuti. Jibu ninalo, tena nina hakika nalo kuliko lolote nililofundisha. Ni neno moja tu. Halina hatua ya kwanza wala ya pili, halina chumvi wala siagi –

Anaita tena. "Baba? Bado upo?"