Kamba ya Amonia

Kintinku, Jumanne

Bado nimeudhika. Baba Neema ameifunua tena samadi, eti ipungue harufu. Harufu hiyo ni amonia, nitrojeni yenyewe inayotoroka, na tangu ruzuku iondolewe hatuna mbolea nyingine.

Nikamweleza kama ninavyowafundisha kidato cha tatu: bakteria huivuta amonia ndani, lakini isipounganishwa upesi na kitu kingine, hupenya ikatoka.

"Kama mbuzi mgeni," akasema. "Usipomfunga, anarudi alikotoka."

Nikamwambia ndiyo hasa, na kamba yao bakteria huisokota kutokana na mabua wanayokula.

Lakini mabua yetu yote aliyachoma juzi.

Mvua ndiyo inanitia wasiwasi, kama itanyesha. Samadi itapona. Kesho anakwenda kwa kaka yake kuomba mabua. Mwenye mbuzi ndiye atafute kamba.