Kwa Baba, Mzee Mshale, na Geji Tulizozing'arisha

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipojilaza mchana na miwani yako usoni, usiamke tena. Kiti chako hatujakihamisha.

Mtaani walikuita Mzee Mshale kwa sababu ya geji, vile vipimo vya duara vyenye mshale. Watu walikuletea geji kuukuu za boila, za pampu, za mitambo iliyokwisha kuuzwa kama chuma chakavu, wakitaka kujua zilitoka wapi. Hukutazama namba kwanza. Ulizigeuza. "Usinionyeshe sura, nionyeshe mgongo," ulisema, na Mama akadakia kutoka jikoni, "Unamwambia nani hayo, wewe mzee?" Ukacheka mpaka ukakohoa.

Hukumdharau mtu. Hata aliyeleta kipande cha redio akidhani ni geji ulimkalisha, ukampa chai, ukamweleza taratibu.

Majibu yako uliyapata kwenye rangi iliyoganda nyuma, kwenye grisi, kwenye mikwaruzo ya bisibisi za mafundi wa zamani. Sisi tuliona uchafu tu. Ukitukuta na kitambaa ulitufukuza: "Msizinawishe hizo, hazijaalikwa popote!"

Ulipofariki, wageni wa msiba wakiwa njiani, tulionea aibu karakana yako. Tulitaka wakute umetunzwa. Tukazisugua geji zote kwa msasa na mafuta ya taa, mbele na nyuma, tukazipanga kwenye rafu. Ziling'aa kama sahani mpya. "Kaka yangu leo ana duka," alisema Shangazi, na sote tukajiona tumekuheshimu.

Wiki chache baadaye akaja binti wa mchochea boila mmoja wa kiwanda cha barafu. Alikuwa amekuachia geji ya marehemu baba yake, umwambie kama kweli ndiyo aliyoitazama maisha yake yote ya kazi. Hana kitu kingine cha baba yake.

"Mama, Mzee aliwahi kusema kama ni yenyewe?"

"Alisema ni yenyewe, mwanangu. Alikuwa akingoja uje."

Uso ukamchangamka. "Basi imo humu. Nyuma ina rangi nyekundu, na baba alikwaruza herufi yake kwa msumari."

Alizigeuza moja moja. Migongo yote ilikuwa myeupe. Hakuna aliyemwambia, aliona mwenyewe. Mimi nikamwambia achukue yoyote itakayompendeza.

"Nichukue ya baba wa nani, kaka?"

Hakuwa na hasira. Aliaga vizuri, akaondoka mikono mitupu.

Geji zako haziuzwi wala hazigawiwi, Baba. Yeyote aliyekuachia yake na aje. Tutamwambia ukweli mlangoni, kabla hajaanza kutafuta. Yule binti bado hupita hapa akienda kazini. Hutusalimia kama zamani. Sisi ndio tunaoitikia tukitazama chini.

Tusamehe. Tulikupenda kwa haraka mno siku ile.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, mkweo fundi cherehani, dada yako, na wajukuu ambao bado wanabishana nani alikuwa kipenzi chako. Hatutakusahau, Baba, siku zote tulizojaliwa.