Kitambaa Kisichooza

Busia, Jumamosi, 1966

Mvua imekatika tangu asubuhi na kifua changu kimetulia kidogo. Mkono unatetemeka, lakini akili haitetemeki. Wacha niandike.

Nakiri: mimi, mwalimu niliyewahimiza watoto miaka yote walime pamba, nataka kuzikwa nimevaa gauni la gomesi la nailoni ya Kijapani.

Kitambaa chenyewe nilikiona dukani Tororo, nikasimama kama mtu aliyeitwa kwa jina. Rangi ya majivu, na juu yake nyuzi nyeupe chache zilizotariziwa kwa mashine, zinashuka kiupande kama mvua yenye upepo. Sehemu kubwa wameiacha tupu. Nimefundisha ushonaji, na sijaona mtu mwenye ujasiri wa kuacha mahali patupu namna ile.

Shida ni wifi yangu Nabwire, wa kule Sikuda. Nikifa, yeye ndiye atakayeniosha na kunivika.

Maiti habishi.

"Hii nguo haiozi, wifi," aliniambia. "We utakuwa umekwisha, yenyewe bado iko. Udongo itakukataa."

"Siku ya kufufuliwa mimi nitakuwa nimevaa," nikamjibu. "Wewe na pamba yako utatafuta majani, kama Hawa."

Alicheka, lakini hakukubali. Mvua zilipoanza alichukua kipande cha nailoni alichobakiza fundi aliyenishonea gomesi, na kipande cha amerikani, pamba tupu, akavifukia pamoja kando ya muhogo wangu. Udongo uamue, akasema.

Leo kavifukua. Amerikani ilitoka na jembe, imelegea kama uji.

"Imechoka kama mwenyewe," akasema, akinitazama.

Nailoni akaisuuza kwenye karai. Matope yakaondoka, na mvua ile ya Kijapani ikang'aa, hakuna uzi hata mmoja uliokatika.

Nilingoja aseme: umeona, haiozi. Hoja zangu nilikuwa nimeziandaa. Badala yake alikipapasa kile kipande, akakigeuza, kisha akajifunga kichwani kikiwa bado kinadondosha maji.

"Nitakuvika, wifi," akasema. "Lakini hii sirudishi. Na mimi siku ile niwe na kitu ya kichwa."

Kwa hiyo nimeshinda, na siogopi.

Kesho, nikiamka, nitamkunjia pindo mwenyewe, hata mkono ukitetemeka. Kipande kilikatwa ovyo, na nailoni isipokunjwa hufumuka. Sitaki Nabwire aniaibishe mbele ya malaika.