Kengele Niliyokuchagulia, Bibi

Mke mwenzangu, Bibi yangu wa Kisarawe,

Hivyo ndivyo ulivyoniita tangu natambaa, eti tunagombania babu aliyekufa kabla sijazaliwa. Naanza hivyo ujue ni mimi. Nina hasira, Bibi, na usiniambie nikae kwanza ninywe maji.

Unakumbuka siku niliyokuja kwako na vidude vitatu kwenye mfuko? Nilikuwa nimevihangaikia pale kibandani kwangu Kibaha, mtaa wa Kwa Mathias, simu za wateja zimelala mezani matumbo wazi, mimi nabonyeza kengele za wazee kuitia msaada. Hakuna aliyenifundisha. Ufundi simu wenyewe nimeuokota kwenye video. Ila nilijua ninachotafuta: unaishi peke yako, magoti hayakutii tena, na bafu lako liko nje, nyuma ya nyumba, saruji inateleza kama sabuni. Kidude cha kwanza kilikuwa cha kuweka mezani. Nikakitoa fasta, maana mtu haangukii mezani. Cha pili cha kuvaa mkononi kama saa, ukakijaribu ukiwa unakuna nazi, kikakubana, ukakivua. Cha tatu cha shingoni, kina laini yake ndani, hakiogopi maji, kitufe chekundu kikubwa. Ukibonyeza kinapiga simu, unaongea hapo hapo.

Ukakiinua kwa vidole viwili. "Kengele shingoni? Mimi mbuzi?"

"Mbuzi anachinjwa, Bibi. Wewe tunakutaka."

"Mbuzi naye anatakiwa. Ndiyo maana anachinjwa."

Tulicheka mpaka ukashika ubavu. Halafu ukakivaa, na hukukivua tena.

Kidude hakikuwa na shida. Shida ilikuja Jumapili ile wanao walipokusanyika kwenye mkeka wako kupanga namba. Kinaanza na namba ya kwanza. Isipopokelewa, kinakwenda ya pili. Ikipokelewa, basi, kinaishia hapo, wengine hawapati habari. Nililisema hilo, nikalirudia. Nikasema ya kwanza iwe ya Mama Zuhura, jirani yako, mnatenganishwa na ua wa makuti tu. Ya pili yangu, kwa sababu nikitoka Kibaha na bodaboda, njia ya Kiluvya, nafika.

Baba mkubwa akanitazama kama nimemwagia chai kanzu. "Namba ya kwanza ni ya mtoto wa kwanza."

"Baba mkubwa, si uko Dodoma?"

"Kwani Dodoma hakuna simu?"

Shangazi akadakia, "Na huyo jirani wa nini? Watu waseme tumemtupia mama yetu majirani?"

Ikapangwa kwa kuzaliwa, kama sahani za pilau, mkubwa anapakuliwa kwanza. Baba mkubwa wa Dodoma. Shangazi wa Tanga. Baba mdogo wa Mbagala. Mwisho mimi mjukuu, ingawa nimeshika nafasi ya marehemu baba yangu. Mama Zuhura hakuwemo kabisa. Nikafungua mdomo, ukaniminya mkono. "Waache, mke mwenzangu. Wakubwa wakipewa heshima yao nyumba inatulia."

Imetulia kweli, Bibi. Ina kufuli.

Asubuhi ile ulipoanguka bafuni, ulibonyeza. Kikaita Dodoma, Dodoma ikapokea. Nayajua yaliyosemwa kwa sababu Baba mkubwa aliyasimulia mwenyewe msibani kwako, wanaume wamemzunguka: "Mama alipiga, nikapokea hapo hapo. Nikamwambia, tulia mama, usipige kelele, watu watajaa wakukute vibaya. Nashughulikia." Wakatikisa vichwa. Mmoja akasema kila mzazi apate mtoto kama huyu. Mimi nilikuwa napita na sinia la vikombe. Sijui lilifikaje jikoni bila kuanguka.

Alishughulikia. Akampigia shangazi, shangazi akampigia baba mdogo, wakaanza kubishana upelekwe hospitali ya hapo hapo au uletwe Dar. Mimi nilipata ujumbe mchana: "Tumuombee mama." Na muda wote huo Mama Zuhura yuko ng'ambo ya ua, anabangua korosho na binti zake. Alipokuja kurudisha ungo wako ndipo akakukuta sakafuni, umejifunika khanga, na ulichomwambia ni, "Mwanangu anashughulikia." Hospitali ulifika. Kutoka hukutoka.

Hapo ndipo nakukasirikia na wewe. Ulikuwa na sauti ya kuita kuku ikasikika barabarani. Bila ile kengele ungepiga ukelele mmoja tu, Mama Zuhura angevunja ule ua. Ulinyamaza kwa sababu uliambiwa unyamaze, na aliyekwambia ni mwanao mkubwa. Mpaka kwenye saruji ya baridi ulikuwa unamlindia heshima yake. Yeye ya kwako aliilinda vipi?

Sasa sikia. Juzi Baba mkubwa kanipigia. Mdogo wako, Bibi Mwanaidi wa Dutumi, naye kabaki peke yake, "kwa hiyo mtafutie kengele kama ile iliyomsaidia mama." Iliyomsaidia. Na namba zipangwe vilevile.

Nimekwenda Dutumi. Nimemvalisha cha shingoni kama chako, maana bora kuliko hicho sijakiona. Namba ya kwanza nimeweka ya Mama Masanja, jirani yake Msukuma, mke wa mfugaji, zizi lao liko karibu na mlango wa Bibi Mwanaidi. Ya pili yangu. Za wakubwa sikuziweka. Shangazi kaandika kwenye kundi la familia kwamba nimewauza kwa wageni. Baba mkubwa natuma shikamoo, haitikii. Asiitikie.

Bibi Mwanaidi akaniuliza, "Nikishabonyeza?"

"Piga kelele. Hata mtu akipokea, piga kelele. Akikwambia nyamaza, hata awe nani, zidisha."

"Nijaribu?"

Akajaribu. Ng'ombe walisimamisha masikio. Mama Masanja akatokea mbio, simu inaita kiunoni, ndoo ya maziwa mkononi, nusu imemwagika. Bibi Mwanaidi akaona haya, akaanza kuomba radhi kwa yale maziwa.

"Usiombe radhi, mama," Mama Masanja akasema, anahema. "Sasa sauti yako naijua."

Nikamgeukia Bibi Mwanaidi, nikajifanya nakaza mkanda wa kidude shingoni mwake.

Mungu akulaze pema, Bibi. Kusamehe bado. Dua nakuombea.

Mjukuu wako wa Kibaha